Maji ya Meru, Bata la Pangani

Mtajie chalii wa Chuga wikiendi ya bahari uone, kichwa chake kinaruka moja kwa moja Zenji. Hapohapo anaanza kupiga hesabu: basi mpaka Dar, boti, hoteli, msosi, na kabla hujamaliza kuongea ameshasanda. "Chaliangu, acha kwanza nipate mchongo wa maana." Mwaka unakatika, mchongo wa maana haujatiki, bata linabaki lilelile la Njiro na Sakina, muziki uleule, sura zilezile. Mimi nina ramani nyingine. Kuna bahari ambayo sisi wa huku juu Arusha tuna udugu nayo kabisa, na njia ya kwenda huko ilichorwa na mto kabla babu zetu hawajafika. Hiyo ni Pangani, mkoa wa Tanga.

Cheki mchoro wenyewe. Mlima Meru, ule mnyama wa mita 4,562 unaokukodolea macho ukifungua dirisha la geto asubuhi, unamwaga maji yake mjini kwetu kwa mikono mingi: Naura, Goliondoi, Kijenge, Themi. Themi inaukata mji, inashuka tambarare kule kusini, halafu inazama Kikuletwa. Kikuletwa masela wote wanaijua hata kama hawajui kwamba wanaijua, maana bonde lake ndilo lenye chemchemi za Chemka, pale Jumapili machalii wanapojirusha kwa kamba. Kutoka huko maji yanaingia bwawa la Nyumba ya Mungu, yanakutana na Ruvu inayotokea upande wa Kilimanjaro na Ziwa Jipe, na yakitoka bwawani yanabeba jina moja tu, Pangani, mpaka baharini. Kwa hiyo yale maji tunayoyavuka kila siku tukiwa na haraka zetu za mjini yana safari ndefu kuliko ya wengi wetu.

Mwanangu mmoja aliifuata hiyo safari. Ni wa Ngarenaro, tumekua naye, tumechangia daftari na chipsi zege. Ufundi wa pikipiki aliuokota kijiweni Unga Limited, akiwa deiwaka anashika spana kwa ujira wa chai. Leo yuko Pangani anatengeneza mashine za boti, na mtaa mzima unamtambua. Kila akinipigia alikuwa na wimbo mmoja: "Njoo bwana, uone maji yenu yanakoishia." Ijumaa moja nikaomba ruhusa kazini nikazama stendi.

Kwa wanaotaka kwenda, mambo yako hivi. Basi la Tanga linaondoka Chuga alfajiri. Nauli ya daraja la kawaida ni shilingi 20,000 na kitu, na wengi wetu tunaichoma usiku mmoja wa Jumamosi bila kukumbuka ilikwenda wapi. Unapita Tengeru, Usa River, Boma Ng'ombe, Moshi, Mwanga, Same, Hedaru, Mombo, Korogwe, Segera, Hale, Muheza. Ni zaidi ya kilomita 400, siku nzima ya kukaa kitini. Kama ni mwezi wa sita au wa saba unatoka Chuga na koti, kofia ya marara na soksi mbili, na kila stendi unavua kimoja. Same unabaki na tisheti. Muheza unatamani kuivua nayo.

Kaa dirisha la kulia. Wengi wanakaa kushoto kwa ajili ya milima ya Upare na Usambara, na milima hiyo ni mizuri kweli, siwalaumu. Ila kulia ndiko bonde la mto liliko. Huuoni sana, unaona tu mstari wa kijani mbichi kwa mbali katikati ya nyika kavu, mkonge umepigwa safu, ng'ombe wanashuka kunywa. Korogwe unauvuka, umeshakuwa mto mtu mzima, mwekundu wa udongo. Hale ni moja ya sehemu tatu ambako maji hayohayo yanazalisha umeme: Nyumba ya Mungu megawati 8, Hale megawati 21, na mtambo wa Pangani Falls megawati 68. Taa za studio za Chuga, friza za Mangi, simu zetu, kote humo kuna mkono wa huu mto. Nilikuwa na X Plastaz masikioni tangu Moshi, ngoma za kaka zetu wa Ngarenaro, na tulipoikamata Muheza nikabadilisha nikaweka Wagosi wa Kaya, maana ukiingia kwa watu unaingia na muziki wao.

Tanga mjini nilipita tu, ingawa Raskazone na mapango ya Amboni yanataka wikiendi yake. Stendi ya Kange nikadaka kosta ya Pangani. Pembeni yangu alikaa jamaa na jezi ya Coastal Union. Kusikia tu natokea Arusha, akanigeukia mzima mzima.

"Mgosi, ulikuwepo Sheikh Amri Abeid?"

Nilikuwepo. Tarehe 2 Julai 2022, fainali ya Kombe la Shirikisho, Yanga na Coastal, uwanja wetu umetapika watu. Sopu wa Coastal alipiga tatu peke yake siku ile. Mechi ikaisha 3-3, Yanga wakabeba kwa penalti, na wana Tanga walikuwa na safari ndefu ya kurudi. Jamaa alinisimulia mechi yote upya mpaka kosta ikaishiwa lami ya kwenda nayo, na nilimwacha asimulie, kwa sababu alikuwa ameibeba moyoni muda wote huo akitafuta mtu wa Chuga wa kumwambia.

Pangani ni mji mdogo uliokaa pale pale mto unapokutana na bahari. Nyumba za mawe ya matumbawe, milango ya mbao nzito, minazi, baiskeli nyingi. Mwanangu alikuwa ananisubiri na pikipiki, tukakumbatiana kishkaji, tukatimba kwake. Anapanga chumba kwa bi mkubwa mmoja wa palepale.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Ndiye huyo wa kwenu Arusha? Karibu sana, pole na safari. Kaoge kwanza, chakula ki tayari."

Wali wa nazi, samaki wa kupaka, pilipili ya mbilimbi pembeni. Sisi tumelelewa na mtori, loshoro na nyama choma, na msosi wa kwetu naupenda kufa. Lakini ule wali, chaliangu. Nilikula kimyakimya, bi mkubwa akaniongeza bila kuniuliza, nikala tena.

Usiku tukaenda kukaa kingo za mto. Mwanangu akaanza kunisomesha vitu ambavyo huku juu hakuna wa kukusomesha. Maji yakipwa, mto unatoka nje kwa kasi na rangi ya udongo inaonekana mbali baharini. Maji yakijaa, bahari inausukuma mto urudi nyuma, na wenye mitumbwi wanapanda nao bure bila kuchoka. Kuna siku za bamvua, maji yanapanda sana na kupwa sana, na kuna siku za maji mafu. Kuna kusi, kuna kaskazi, kila upepo na samaki wake. Huyu ni chalii ambaye Chuga alikuwa anajua saa ya hiace ya mwisho ya Ngaramtoni, basi. Sasa anaangalia mwezi anakwambia kesho saa ngapi tutoke. Nilijisikia fahari naye, na nikamwambia.

Jumamosi saa za asubuhi tukaingia mashua yenye injini aliyoifufua mwenyewe, tukaenda Maziwe. Hicho ni kisiwa cha mchanga mtupu katikati ya bluu, hifadhi ya bahari, unalipia kiingilio. Zamani kilikuwa na miti ya mivinje. Bahari ikala ufukwe kidogo kidogo mpaka miti yote ikaisha, na leo maji yakijaa sana kisiwa kinakaribia kupotea. Kasa wa kijani hawajakiacha. Wanapanda kutaga palepale, na watu wa uhifadhi wanayahamisha mayai mpaka Ushongo, bara, ili yasizame kabla ya kuanguliwa. Jaribu kuwaza hiyo kazi: mtu anaamka usiku kubeba mayai ya kasa kwa mikono, anayafukia upya, anasubiri karibu miezi miwili, halafu anawasindikiza watoto mpaka majini. Hao ndio watu wa kuwaposti.

Tulivaa miwani ya kuzamia. Mimi kuogelea nilijifunzia Chemka, maji ya utulivu, unaona mpaka chini, hakuna mawimbi. Bahari inakubeba tofauti, chumvi inakuinua, ukilegeza mwili unaelea. Chini kuna matumbawe, samaki wa njano na weusi wanapita mbele ya uso kama machinga wa Kilombero siku ya sikukuu, kila mmoja na shughuli yake. Nilikaa majini mpaka vidole vikakunjamana na mwanangu akaanza kupiga mluzi: maji yanajaa, tusepe.

Mchana tukavuka na pantoni kwenda Bweni, ng'ambo ya mto, pamoja na wanafunzi, kuku, magunia na bodaboda. Daraja kubwa lilikuwa linajengwa kuunganisha pande mbili, na wenyeji walikuwa wanalisubiri kwa hamu. Upande ule kuna Kikogwe, ambako mwaka 1893 Mjerumani Richard Hindorf alipanda mkonge wa kwanza nchini. Miche 62 tu ndiyo iliyofika hai, na kutokana na hiyo mashamba yote yale niliyoyaona dirishani tangu Same yakazaliwa. Jasho la mashamba hayo lilikuwa la babu zetu, wa pwani na wa bara.

Hapohapo Pangani Bushiri bin Salim na wenzake walianzisha vita dhidi ya Wajerumani mwaka 1888, na hapohapo alinyongwa Desemba 1889. Miaka kumi baadaye moto uleule ulifika kwetu. Tarehe 2 Machi 1900 walinyongwa Mangi Meli wa Old Moshi na viongozi wa Wameru na Waarusha, na Boma la Arusha lilipojengwa, mikono iliyobeba mawe ilikuwa ya watu wetu walioshurutishwa. Tuliporudi mjini nilisimama mbele ya Boma la Pangani nikiwaza Boma letu, lile tunalolipita tukitoka Mnara wa Saa bila hata kugeuza shingo. Shule haikuwahi kunionyesha kwamba hizi ni sura mbili za kitabu kimoja. Pangani ilinionyesha mchana mmoja.

Kuna kitu kingine lazima nikiseme, na nakisema kwa uchungu. Mzee mmoja mwenye minazi karibu na mto alitukaribisha madafu, akatueleza kwamba siku hizi maji ya chumvi yanapanda mtoni mbali kuliko zamani, mpaka kwenye mashamba. Mto ukikosa nguvu, bahari inaingia. Na nguvu yake inapungua huku juu, kwa sababu tunachota sana, mifereji ya kumwagilia ni mingi, kingo zinalimwa mpaka majini. Mzee hakulaumu mtu. Aliuliza tu, "Huko kwenu mvua ipo?" Mimi nikakumbuka Themi inavyotupiwa mifuko, mafuta machafu ya gereji na kila takataka ya mji, na sisi machalii tumekaa darajani tunapiga stori. Bodi ya Maji ya Bonde la Pangani ipo, iko Moshi, na kazi yake ni kuangalia mto mzima kutoka milimani mpaka baharini. Lakini bodi haiwezi kukaa kwenye kila kona ya Kaloleni na Daraja Mbili. Sisi tunakaa. Kijiwe chetu tumekubaliana kuanza na kipande cha Themi kilicho mbele yetu, kukisafisha na kumzuia mwenye toroli anayekuja kumwaga. Waliokwisha anza mitaa mingine watushtue tuungane.

Jumapili inabidi uamke na jogoo, udake kosta ya kwanza ya Tanga ili uwahi basi la kupanda, maana Jumatatu kazini hawajui habari za bamvua. Bi mkubwa alinifungia vitumbua na nazi mbili za kupelekea maza nyumbani. Mwanangu alinisindikiza stendi, na pale akaniambia anakuja mwezi wa saba na wana watatu wa Pangani ambao hawajawahi kupanda zaidi ya Korogwe. Wanataka kuona mto wao unapoanzia. Nimeshapanga: siku moja Chemka, siku moja loshoro kwa bibi yangu Ilboru, halafu tunaingia geti la Momella na askari wa hifadhi tupande Meru mpaka kibanda cha Miriakamba, mita 2,500 na kitu, tulale huko. Geto langu linatosha wawili, wengine watalala kwa bro Kijenge. Nafasi za kupanda bado zipo, anayetaka aanze kujichanga sasa hivi.