Tone Dogo Latosha: Dawa ya Kupanua Mboni za Watoto Wanaopimwa Macho

Mtoto anapopelekwa kliniki ya macho, mara nyingi hutiwa dawa ya matone kabla ya kupimwa. Wengi hulia na kufumba macho, na sehemu ya dawa humwagika shavuni. Mzazi akiona hivyo hudhani dawa imepotea, na humwomba mhudumu aongeze tone jingine. Ukweli ni kwamba jicho la mtoto huhitaji dawa kidogo sana. Inayozidi haimsaidii daktari kuona vizuri zaidi, bali huingia mwilini mwa mtoto na inaweza kumdhuru, hasa mtoto aliyezaliwa kabla ya wakati.

Kwa nini mboni hupanuliwa

Mboni ni lile tundu jeusi katikati ya jicho. Mwanga ukiwa mkali, mboni husinyaa, na daktari hawezi kuona vyema sehemu ya nyuma ya jicho. Dawa huifungua mboni ili daktari aone retina, yaani utando wa ndani unaopokea mwanga, na atambue magonjwa kama uvimbe wa saratani. Husaidia pia kuchunguza mtoto wa jicho. Dawa nyingine hulegeza misuli ya jicho ili mtoto mwenye makengeza au asiyeona ubaoni apimwe miwani inayomfaa.

Dawa zinazotumika sana ni tropikamaidi, saiklopentoleti, fenilefrini na atropini.

Dawa inayozidi huenda wapi

Tone moja kutoka kwenye chupa ya kawaida huwa na takriban maikrolita 30 hadi 50. Machozi yaliyo juu ya jicho ni takriban maikrolita 7 tu, na jicho la mtoto mchanga lina nafasi finyu zaidi. Kwa hiyo sehemu kubwa ya tone haina pa kukaa.

Baadhi yake humwagika shavuni. Nyingine hupita kwenye mfereji mdogo wa machozi ulio kwenye kona ya jicho karibu na pua. Ndiyo sababu mtoto mkubwa husema anahisi uchungu wa dawa kooni. Kutoka puani, dawa huingia kwenye damu moja kwa moja bila kupunguzwa nguvu na ini kwanza, kama inavyokuwa kwa dawa nyingi za kumeza.

Uzito wa mwili ndio unaoleta tofauti. Mtu mzima wa kilo 60 ana uzito mara 50 ya mtoto njiti wa kilo 1.2. Wote wawili wakitiwa tone kutoka chupa moja, kila kilo ya mwili wa mtoto huyo hubeba dawa mara 50 zaidi.

Dawa ikizidi, uso wa mtoto unaweza kuwa mwekundu, mdomo ukakauka na moyo ukaenda mbio. Anaweza kusinzia kupita kiasi au kuhangaika na kuweweseka. Baadhi ya dawa hizi pia hupunguza jasho, hivyo mwili hupata joto. Hilo si jambo dogo katika miezi ya joto kali hapa Garissa. Kwa mtoto njiti, tumbo linaweza kuvimba, shinikizo la damu likapanda, au pumzi ikakatika kwa muda.

Tone dogo linavyofanya kazi

Wahudumu wa afya wana njia za kutoa tone la maikrolita 5 hadi 10 tu. Mojawapo ni kutumia kifaa cha maabara cha kupimia vimiminika. Nyingine ni bomba dogo la sindano lililowekwa mrija laini mwembamba usio na ncha ya sindano. Utafiti uliochapishwa Uingereza mwaka 1993 ulilinganisha matone madogo na ya kawaida kwa watoto njiti, na mboni zilipanuka vya kutosha kwa njia zote mbili. Watafiti wa New Zealand nao wamejaribu matone ya takriban maikrolita 7 kwa watoto kama hao.

Kazi hii ni ya mhudumu aliyefunzwa. Mzazi asijaribu kupunguza au kuchanganya dawa ya macho nyumbani.

Macho meusi yanahitaji subira

Rangi nyeusi ya jicho hushika dawa na kuiachilia polepole. Kwa watoto wengi wa eneo letu, mboni huchukua dakika 30 hadi 45 kufunguka, wakati mwingine zaidi. Mhudumu anaweza kurudia tone kwa utaratibu wake, lakini kuharakisha kwa kuongeza matone ovyo si salama. Muda huo wa kungoja ni sehemu ya matibabu.

Watoto njiti wasikose kupimwa

Hofu ya dawa isimfanye mzazi akose miadi. Kwa mtoto aliyezaliwa mapema sana, mishipa ya damu ya retina huwa haijakomaa. Inaweza kukua vibaya, ikavuta retina na kumpofusha kabisa. Kwa kawaida uchunguzi wa kwanza hufanywa takriban wiki nne baada ya kuzaliwa, na ugonjwa ukifikia kiwango cha kutibiwa, matibabu hutakiwa ndani ya siku chache. Familia inayorudi Hulugho, Balambala au Modogashe baada ya kutoka hospitali ihakikishe tarehe hiyo imeandikwa kwenye kijitabu cha kliniki.

Mambo ya kuzingatia

• Mweleze mhudumu uzito wa mtoto, kama alizaliwa kabla ya wakati, na kama ana kifafa, ugonjwa wa moyo au wa mapafu.
• Mwombe mhudumu akuonyeshe jinsi ya kubana polepole kona ya jicho karibu na pua kwa dakika moja au mbili. Hii huzuia dawa kuingia puani.
• Futa mara moja dawa iliyomwagika shavuni, kwani ngozi laini pia huifyonza.
• Kwa mtoto mchanga, muulize muuguzi wakati unaofaa kumnyonyesha.
• Baada ya kupimwa, mvalishe mtoto kofia na umweke kivulini. Mwanga utamuumiza na maandishi yatakuwa na ukungu kwa saa kadhaa, au hadi kesho yake. Kwa atropini, hali hiyo huweza kudumu wiki moja au mbili.
• Asitumwe kuchunga mbuzi wala kuvuka barabara peke yake hadi aone vizuri. Mwalimu wa shule na wa duksi waarifiwe.
• Mtoto akipata homa, tumbo likivimba, akiweweseka au akipumua kwa shida, mrudishe hospitalini bila kuchelewa.

Mzazi anayeona weupe ndani ya mboni ya mtoto, makengeza, au mtoto asiyefuata kitu kwa macho, ampeleke kituo cha afya kilicho karibu ili apewe rufaa ya kliniki ya macho.