Uzi Mkononi mwa Msomaji

Mazungumzo ya watu wengi mtandaoni huharibikia upande wa kusoma kuliko upande wa kuandika. Kundi la WhatsApp siku hizi linaweza kubeba watu 1,024, na kila mmoja ana ruhusa ya kutuma, lakini msomaji kwa kawaida hupewa njia moja tu ya kufuatilia: kutoka juu kwenda chini, kwa mfuatano wa saa. Swali kuhusu mchango linaulizwa asubuhi, jibu linakuja alasiri chini ya picha za harusi na taarifa ya msiba, na anayefungua simu jioni anauliza swali lile lile. Wengi tumekwisha kuamini kwamba watu wakiwa wengi vurugu hii haina dawa. Dawa ipo, na ilipatikana zaidi ya miaka 30 iliyopita. Waliotengeneza programu za kusomea Usenet walielewa jambo ambalo watengenezaji wa leo wamelipa kisogo, kwamba mpangilio wa mazungumzo unapaswa kuwa mikononi mwa anayesoma.

Usenet ilibuniwa mwaka 1979 na wanafunzi wawili wa Chuo Kikuu cha Duke huko North Carolina, Marekani, Tom Truscott na Jim Ellis. Haikuwa na makao makuu. Kompyuta ya chuo kimoja iliipigia simu ya chuo kingine, zikapeana jumbe mpya, kisha hiyo nayo ikaipigia ya tatu. Jumbe zenyewe ziligawanywa katika vikundi vya habari kulingana na mada. Kwa kuwa kila ujumbe ulipita njia yake, jibu liliweza kufika kabla ya swali, kwa hiyo saa ya kufika haikufaa kuwa msingi wa kupanga chochote. Badala yake kila ujumbe ulipewa kitambulisho cha pekee, na kanuni zilizochapishwa mwaka 1987 zikafanya sharti kwamba kila jibu libebe vitambulisho vya jumbe zilizolitangulia. Jibu lilifika likiwa na nasaba yake, likijua mzazi wake na babu yake hata kama wenyewe bado wako njiani. Jamie Zawinski, aliyeandika sehemu ya kusomea barua na habari ya kivinjari cha Netscape katikati ya miaka ya 1990, alikwenda mbali zaidi: ujumbe uliotajwa lakini haujafika aliutengea nafasi tupu ndani ya uzi, yaani mfululizo wa ujumbe na majibu yake, ili wanaoujibu wasitawanyike.

Mwaka 1984 Larry Wall, ambaye baadaye alibuni lugha ya kompyuta ya Perl, alitoa programu ya kusomea Usenet iliyoitwa rn. Ndani yake msomaji aliweza kubonyeza kitufe cha nafasi tu na kupelekwa kwenye kitu kinachofuata ambacho hajakisoma. Wayne Davison akaiendeleza ikawa trn, na hapo ndipo uzi ulipoonekana kwa macho. Kwenye kona ya juu ya skrini ulichorwa mti mdogo wa mazungumzo: ujumbe uliosomwa ulikuwa ndani ya mabano ya mviringo, usiosomwa ndani ya mabano ya mraba, na aliyeandika kichwa kipya cha habari alionekana kwa alama tofauti ndani ya mabano. Wanaosema kwamba nyuzi hazina maana kwa sababu watu huhama mada wanajibiwa na mchoro huo, kwani ulionyesha mada ilipohamia na tawi gani lilibaki kwenye hoja ya awali. Kumbukumbu ya kilichosomwa ilikaa kwenye faili la msomaji mwenyewe, kwa maandishi ya kawaida. Mstari kama «comp.lang.c: 1-1503,1507» ulimaanisha kwamba katika kikundi hicho cha lugha ya C amesoma hadi ujumbe wa 1503, akaruka mitatu, akasoma wa 1507. Leo tiki za buluu za WhatsApp zinamwambia mtumaji nani amesoma, na ndani ya makundi hazizimiki. Taarifa ile ile imehama kutoka kwa aliyeihitaji ili afuatilie na kwenda kwa anayetaka kujua mbona hajajibiwa.

Faida ya nyuzi inaonekana katika ubishi wa Januari 1992 kwenye kikundi cha comp.os.minix, pale Profesa Andrew Tanenbaum wa Amsterdam alipoandika kwamba mfumo wa kompyuta wa Linux, kazi ya mwanafunzi wa Helsinki aitwaye Linus Torvalds, imepitwa na wakati tangu kuzaliwa. Wengi waliingia. Wapo waliobishana juu ya muundo wa kiini cha mfumo, wengine juu ya kuuhamishia kwenye kompyuta za aina nyingine, na wengine juu ya adabu. Jumbe hizo bado zinasomeka, na bado inajulikana nani alimjibu nani. Katika mkondo mmoja unaofuata saa, ubishi huo ungebaki kelele.

Wapo wanaosema programu hizi zilikuwa za wataalamu, na kweli amri zake nyingi za kibodi ziliwatisha wageni. Lakini ugumu huo ulikuwa wa sura tu, kwani programu ya barua pepe ya Thunderbird hupanga barua kwa nyuzi kwa kubofya panya. Pingamizi zito zaidi ni lile la kumficha mtu. Programu hizi zilikuwa na orodha ya kuzuia, na ukiandika humo jina la mchangiaji, jumbe zake hazikutokea tena mbele yako. Je, hapo hatujifungii na wanaotukubali? Hatari ipo. Hata hivyo orodha hiyo aliiandika msomaji mwenyewe, aliweza kuifungua na kufuta mstari, na aliyefichwa aliendelea kusikika kwa wengine wote. Programu ya Gnus iliruhusu pia kupandisha alama za mtu au mada ili zitangulie. Mitandao ya leo nayo hupandisha na kushusha, ila kwa vigezo vya kampuni ambavyo msomaji havioni.

Udhaifu mmoja siwezi kuukana. Aprili 1994 mawakili wawili wa Arizona walimwaga tangazo lao la bahati nasibu ya vibali vya kuishi Marekani katika maelfu ya vikundi, na taka hazikukoma tena. Orodha ya kuzuia ilimlazimu kila msomaji afagie peke yake uchafu ambao jirani yake ameshaufagia. Februari 2024 Google, ambayo kwa miaka mingi ilikuwa mlango wa wengi kuingia Usenet, ilisitisha huduma hiyo ikitaja, miongoni mwa sababu, wingi wa taka. Kwa hiyo makundi makubwa bado yanahitaji wasimamizi mlangoni, na programu ya kusomea haiwezi kushika nafasi yao. Lakini msimamizi hodari kuliko wote hawezi kumpangia kila mwanakundi alipoishia, tawi analolifuata na lile aliloamua kuliacha. Kazi hiyo ni ya programu, na vitambulisho vinavyohitajika kuifanya vingali vinasafiri ndani ya kila barua pepe tunayojibu.