Kiebrania kwa masikio: mlango ambao Kiswahili kimetufungulia

Shalom, wapendwa katika Bwana.

Neno hilo tunalitamka kila Jumapili, na wengi wetu hatuna mengine ya Kiebrania isipokuwa amina na haleluya. Hapa Malemba-Nkulu, sisi wahubiri wachache tunasikiliza masomo ya Kiebrania kwa simu, bila mwalimu. Ndugu wa makanisa mengine wanatuuliza kama mtu anaweza kweli kujifunza lugha ya manabii kwa masikio tu, mbali na chuo cha teolojia. Tunajibu kwamba anaweza kufika nusu ya njia, na nusu hiyo ina faida kubwa kuliko tulivyodhani.

Masomo ya namna hii yanafuata kazi ya Mmarekani Paul Pimsleur. Mwaka 1967 alieleza kwamba neno jipya linakaa kichwani likiulizwa tena kabla halijasahaulika: baada ya sekunde 5, kisha 25, kisha dakika 2, dakika 10, saa, siku, hata miezi. Somo moja ni dakika 30. Sauti inasema, unarudia, inakuuliza, unajibu. Masomo yenye jina lake yanaelezwa kwa Kiingereza. Anayejua Kifaransa atafaa zaidi na yale ya Assimil, yenye kitabu pamoja na sauti. Kwa simu moja iliyochajiwa kwa jua, watu watano wanaweza kusikiliza pamoja na kusahihishana.

Kushika maneno mengi kichwani si jambo geni kwa Baluba. Wazee walihifadhi habari za wafalme kwa kupapasa shanga za lukasa, ubao mdogo unaoenea mkononi. Tena Kiluba ni lugha ya toni, na sikio lililozoea toni halipitwi upesi na tofauti ndogo za sauti. Hata ile r ya Kiebrania cha leo inafanana na r ya Kifaransa tuliyofundishwa shuleni.

Lakini msaada mkubwa unatoka katika Kiswahili chenyewe. Kiswahili kilipokea maneno mengi kutoka Kiarabu, na Kiarabu na Kiebrania ni ndugu wa tumbo moja. Kwa hiyo tukisikia ruakh tunatambua roho. Nefesh ni ndugu ya nafsi, dam ya damu, mavet ya mauti, malakh ya malaika, navi ya nabii, berakha ya baraka, khokhma ya hekima. Hata katika kuhesabu, shesh, sheva na tesha ni ndugu za sita, saba na tisa. Mfaransa anayeanza somo hilo hilo hana akiba hii. Yeye anayakariri yote kama mgeni.

Fungueni Mwanzo 15:6, mahali Mungu anapohesabu imani ya Abrahamu. Kiebrania kinasema heemin, ndugu ya amini yetu. Kinasema khashav, ndugu ya hesabu. Ni mstari uliobeba mafundisho ya Paulo katika Warumi 4, na sisi wa Kiswahili tunausikia karibu kwa sauti zake za kwanza.

Neno la tatu katika mstari huo ni tsedaka, na hapo ndipo hatari ilipo. Linafanana na sadaka, na mwalimu wa sauti atakuambia kwamba katika Israeli ya leo tsedaka ni msaada kwa maskini. Mhubiri mwenye haraka anaweza kupanda mimbarani na kutangaza, “Kwa Kiebrania, Abrahamu alihesabiwa sadaka,” halafu akapitisha kikapu. Katika Mwanzo 15 neno hilo ni haki. Ni lile lile la Amosi 5:24, nabii anapotaka haki itiririke kama mto usiokauka. Mtu akilibadilisha kuwa matoleo, ameigeuza Injili kuwa malipo, na washirika hawana namna ya kumpima, kwa sababu amesema “kwa Kiebrania.” Kwa maoni yetu, maneno hayo mawili yanahitaji ulinzi zaidi ya mengine yote mimbarani.

Sababu ya hatari hii ni kwamba masomo mengi ya sauti yanafundisha Kiebrania cha leo. Kwa karne nyingi Kiebrania kilisomwa na kuombewa, lakini hakikuwa lugha ya mama ya watoto, mpaka watu kama Eliezer Ben-Yehuda, aliyefika Yerusalemu mwaka 1881, walipokirudisha nyumbani. Ni lugha ile ile, lakini maana za maneno zimesogea, na vitenzi pia. Israeli ya leo, “alisema” ni amar. Biblia inaposimulia hupenda vayomer. Na vayomer ni nini? Ni “akasema.” Vayelekh ni “akaenda,” vayar ni “akaona.” Ile -ka- yetu inayofungamanisha tukio na tukio inafanya karibu kazi ile ile, jambo ambalo Kifaransa kinahitaji maneno mengi kulieleza.

Basi nusu ya pili ni macho. Herufi ni 22, zinaandikwa kutoka kuume kwenda kushoto. Zamani ziliandikwa bila vokali; alama tunazoziona chini na juu ya herufi ziliwekwa na Wamasora, walimu wa Kiyahudi, hasa wale wa Tiberia, miaka mingi baada ya Kristo. Aliyekwisha kusikia neno mara hamsini anazisoma alama hizo bila kuogopa. Yako pia masomo ya video ya bure yanayoitwa Aleph with Beth. Yanafundisha Kiebrania cha Biblia chenyewe, kwa picha na vitendo, bila kutegemea Kiingereza. Yakiisha kupakuliwa mjini yanaweza kupita kutoka simu hadi simu.

Kwa anayeanza, tunashauri sauti nusu saa kila siku, herufi mbili kwa juma, kisha kitabu cha Yona. Kina sura nne tu, habari yake tunaijua, na karibu kila mstari wa masimulizi una “aka-” ya kutafuta.