Gurudumu la mbele halikazwi likiwa hewani

Pikipiki yangu ilianza kuvuta kushoto siku ileile nilipozibiwa pancha ya mbele. Nikailaumu barabara, nikaulaumu mzigo, hadi fundi mmoja hapa Igunga alipochuchumaa mbele ya pikipiki, akafumba jicho moja na kusema, "Kaka, shokapu hizi zimegombana."

Aliinua injini juu ya gogo, akafungua nati, akavuta ekseli. Ilikuwa kavu, imeganda tope jeusi la mbuga ya Wembere. Akaifuta na kuipaka grisi, akazungusha beringi kwa kidole, akarudisha bushi upande wake.

Zamani, katika njia ya misafara ya Tabora, jino la ndovu lililomshinda mpagazi mmoja lilifungwa kwenye mti, wakalibeba wawili mzegamzega. Ekseli ni mti ule, na miguu ya shokapu ndiyo wapagazi. Mmoja akikaa vibaya, mzigo wote unapinda.

Kisha breki. Jino lililo kwenye mguu wa shokapu lilipaswa kuingia kwenye mfereji wa sahani ya breki, naye aliinama kulitazama mara mbili. Likikosa mfereji, ukishika breki sahani inazunguka na gurudumu, waya unajisokota, na gurudumu linaweza kukwama ghafla. Hapo dereva na abiria wake wote wanaruka.

Nati hakuikaza. Aliishika kwa vidole tu, akashusha pikipiki chini, akabana breki ya mbele na kuusukuma usukani chini kwa uzito wake wote, mara nne, mara tano. Shokapu zikapanda na kushuka hadi kila mguu ukapata mahali pake kwenye ekseli. Ndipo akakaza. Aliyeziba pancha alikuwa amekaza gurudumu likining'inia, miguu ikabanwa ilivyokuwa imepishana.

Zoezi hilo halikumaliza dakika moja. Lakini sisi tunamlipa fundi kwa kuziba tobo. Kazi ya kurudisha gurudumu tunaihesabu bure, naye anaifanya kwa haraka ya kazi ya bure. Tumlipe kwa yote mawili, tusimame pale tukitazama.

Aliinua tena pikipiki, akazungusha gurudumu, likaenda kimya bila kuyumba. Akarekebisha waya wa breki, akanipa ufunguo na kuniagiza: nianze polepole, nijaribu breki ya mbele kabla sijaingia lami ya Nzega.