Uzingativu na Elimu ya Msongo: Kipi Humtuliza Mwenye Wasiwasi Sugu?

Wasiwasi huhesabiwa kuwa ugonjwa pale unapomwandama mtu karibu kila siku kwa miezi 6 au zaidi, ukihama kutoka jambo hadi jambo, kwa maana karo ikishalipwa fikra huhamia kwenye homa ya mtoto, na homa ikishapoa huhamia kwenye kazi, huku misuli ikikaza na usingizi ukitoweka. Katika mji wa Kamina, makao makuu ya jimbo la Haut-Lomami na njia panda ya reli za Lubumbashi, Ilebo na Kalemie, sababu za kuhangaika hazitafutwi mbali, lakini daktari wa magonjwa ya akili hutafutwa mbali sana. Kwa hiyo tiba zisizohitaji dawa wala daktari bingwa zinastahili kuchunguzwa kwa makini.

Mbili kati yake zimelinganishwa ana kwa ana. Ya kwanza ni uzingativu, yaani zoezi la kuelekeza fikra kwenye pumzi na mwili kama vilivyo wakati huo, na kuyaona mawazo yakija na kupita bila kuyafukuza wala kuyafuata. Jon Kabat-Zinn aliligeuza kuwa mafunzo ya majuma 8 nchini Marekani kuanzia mwaka 1979. Ya pili ni elimu ya msongo, ambamo watu hufundishwa jinsi msongo unavyoathiri mwili, na umuhimu wa usingizi, lishe na kupanga muda.

Mwaka 2013 watafiti wa Boston, wakiongozwa na Elizabeth Hoge, walichapisha matokeo ya wagonjwa 93 waliogawanywa kwa bahati nasibu kati ya njia hizo. Uzuri wa utafiti huo ni kwamba makundi yote mawili yalikuwa na mwalimu, wenzao wa kukaa nao na majuma yaleyale 8, hivyo faraja ya kukutana tu isingeweza kudhaniwa kuwa tiba. Katika kipimo kikuu wote walipata nafuu, bila tofauti iliyo wazi, jambo linaloipa elimu heshima yake. Tofauti ilionekana katika vipimo vingine, hasa wagonjwa walipotakiwa kutoa hotuba na kufanya hesabu kwa sauti mbele ya wasikilizaji wanaowapima: taabu ya waliojifunza uzingativu ilipungua ikilinganishwa na kabla ya mafunzo, kwa kiwango kilichowapita wenzao. Huenda ni kwa sababu maarifa humweleza mtu kinachompata, ilhali zoezi humpa la kufanya moyo unapoanza kwenda mbio.

Mfano wa karibu zaidi umetoka Uganda, katika makazi ya Rhino Camp, ambako wanawake 694 wakimbizi wa Sudan Kusini walishiriki utafiti uliochapishwa mwaka 2020. Baadhi yao walihudhuria vikao 5 vya mpango wa Shirika la Afya Duniani wenye mazoezi ya uzingativu, uliorekodiwa kwa sauti na kuongozwa na watu wasio wataalamu. Walifundishwa, kwa mfano, kuitambua dhoruba ya hisia, kupumua taratibu, kukandamiza nyayo ardhini, kisha kutazama na kusikiliza kilicho karibu nao. Wengine walipewa maelezo ya nusu saa hivi kuhusu msongo. Waliofanya mazoezi walipata nafuu kubwa zaidi, ingawa ikumbukwe kwamba vikao 5 na nusu saa si mizani sawa, na kwamba baada ya miezi 3 tofauti ilikuwa imepungua sana.

Kupungua huko ndiko kunakopaswa kuwashughulisha wanaopanga huduma Kamina. Wahamasishaji wa afya wa vijiji na mitaa tayari huzunguka nyumba kwa nyumba wakihimiza chanjo na vyandarua, na rekodi ya sauti haimtengi asiyejua kusoma. Hata hivyo, kikao bila kurudiwa hufifia, na wahamasishaji hao, ambao wengi hujitolea tu, wanahitaji posho, msimamizi wa kuwasikiliza, na njia ya kumfikisha hospitalini mgonjwa anayezungumzia kujiua.