Tuandikeje Maisha ya Marehemu?

Mazishini sisi hupewa karatasi yenye picha ya marehemu na maisha yake kwa ufupi. Twasoma alizaliwa lini, shule gani, kazi gani, basi. Tukifika nyumbani hatukumbuki lolote. Je, wasifu mzuri huandikwaje?

Kwanza, kaeni pamoja. Msimwachie kijana mmoja kazi hiyo usiku wa mwisho ati kwa sababu anajua kuchapa. Waulizeni wazee, majirani, wenzake wa chama na wa jumuiya ndogo ndogo.

Pili, andikeni matendo. "Alikuwa mkarimu" huandikiwa kila mtu. Afadhali kusema aliuza sukuma wiki sokoni miaka ishirini mpaka watoto wanne wakamaliza shule. Mama asiye na cheti naye alifanya kazi.

Tatu, hakikisheni majina. Katika mazishi fulani tulimwona msichana akipitia karatasi mara tatu, akitafuta jina lake kati ya watoto wa marehemu. Halikuwapo, kwani mama yake hakuolewa. Baba huyo ndiye aliyekuwa akimlipia karo, na kijiji kizima kilijua. Hapo si machozi tu. Sheria ya Urithi, inayotumika Kenya tangu 1981, humhesabu pia mtoto ambaye baba alimkubali kuwa wake, hata kama alizaliwa nje ya ndoa. Siku ya kugawa mali, karatasi ya mazishi huweza kupelekwa kortini kama ushahidi. Haiamui kesi peke yake, lakini kumwacha mtu nje ni kuanzisha ugomvi kabla kaburi halijakauka.

Nne, semeni kweli kwa heshima. Si lazima kutangaza kila kosa, lakini msimgeuze mlevi kuwa malaika. Waliokaa naye wanasikiliza.

Tano, uwe mfupi. Ukurasa mmoja unatosha. Katika Misa ya mazishi, mahubiri si mahali pa wasifu. Neno fupi la familia huweza kusemwa baada ya Komunyo, kabla ya kumuaga marehemu. Mwulizeni padre mapema.

Kabla ya kupeleka kuchapishwa, someni kwa sauti mbele ya jamaa wote, mjane na watoto wakiwapo. Anayesema, "Mmenisahau," asikizwe siku hiyo, si kaburini.