Msumeno wa Mnyororo kwa Miti Mikubwa: Namna ya Kuuchagua

Jioni hii twataka kuzungumza nanyi juu ya msumeno wa mnyororo, ambao watu wengi huuita chenso. Hatutasema habari za misumeno midogo ya kukatia kuni na matawi. Twasema na yule mwenye shamba la mikaratusi iliyonenepa, au misindano aliyoachiwa na baba yake, au na wakulima waliochanga fedha ili wapate msumeno mmoja wa kuangushia miti yenye unene wa sentimita 60, 80, hata mita nzima. Watu hawa hawana fedha za kununua mara mbili. Wakikosea dukani, fedha zimekwenda. Na pengine uhai wa mtu utakwenda pamoja nazo.

Jambo la kwanza mnunuzi analolitazama ni ule ulimi mrefu wa chuma ambao mnyororo huuzunguka. Aona ulimi wa sentimita 75 akasema, Naam, huu ndio wa miti mikubwa. Walakini ulimi hauna nguvu yoyote. Nguvu imo katika injini, na ulimi mrefu katika injini dogo ni kama jembe la ng'ombe lililofungwa kwa mbuzi: mnyororo hujikokota, injini hupata joto kupita kiasi, na baada ya miezi michache pistoni imekwisha. Kwa hiyo kwanza ulizeni ukubwa wa silinda, ambao huhesabiwa kwa sentimita za ujazo, kisha kilowati za nguvu. Kwa miti tuliyoitaja twaona ya kuwa injini ya sentimita za ujazo 70 hivi, itoayo karibu kilowati 4, ndiyo ifaayo. Ile ya 50 ni njema kwa miti ya wastani, lakini itawachosha ninyi na kujichosha yenyewe.

Na hapa ipo hila ya kuangaliwa. Tarakimu iliyobandikwa ubavuni mwa msumeno si lazima iwe kweli. Tafuteni katika kitabu chake upana wa silinda na mwendo wa pistoni, mpige hesabu wenyewe: upana kwa upana, mara 0.785, mara mwendo, vyote kwa sentimita. Silinda ya upana wa sentimita 5 na mwendo wa 3.6 hutoa 70.7. Lakini msumeno ulioandikwa 58, nao una upana wa 4.52 na mwendo wa 3.4, hautoi zaidi ya 54.6. Mwenye duka asiyeweza kuwaonyesha vipimo hivyo, mwageni kwa adabu.

Wenzetu wa nyanda za juu wana hesabu nyingine ya kufanya. Hewa ya huko ni nyepesi, na injini hupoteza karibu sehemu moja ya kumi ya nguvu zake kwa kila mita 1,000 za kimo. Katika kimo cha mita 2,000, kama zilivyo sehemu nyingi za Njombe au Limuru, msumeno wa kilowati 4 hufanya kazi kama wa kilowati 3 na kidogo. Tena, kabureta iliyorekebishwa huko juu haina budi kurekebishwa upya msumeno ukiteremshwa mabondeni, maana huko hewa ni nyingi, petroli huwa kidogo mno, na petroli ndiyo iliyochukua mafuta ya kulainisha pistoni. Injini nyingi zimeungua kwa safari ya namna hiyo, na lawama ikawekwa juu ya mtengenezaji.

Wako wazee wa kazi watakaosema, Mbona mwasifu vitu vidogo? Nunueni 070! Hapana shaka msumeno huo wa Stihl umepata sifa katika nchi za joto. Una sentimita za ujazo 106, mnyororo wake huenda polepole kwa nguvu nyingi, na kwa kupasua gogo lililokwisha kulala chini kuwa mbao, kazi yake ni ya kuheshimiwa. Lakini uzito wake, bila ulimi wala mafuta, unapita kilo 10. Msumeno wa sasa wa 70 ni kilo 6 na nusu hivi. Mtu anayeangusha mti hana budi kuinua msumeno, kuugeuza, kisha kuondoka upesi mti unapoanza kulia. Tena huo wa zamani uliundwa bila breki ya mnyororo.

Juu ya breki hii hatutaki kupita haraka. Sehemu ya juu ya ncha ya ulimi ikigusa mti, mnyororo hung'ang'ania, na msumeno wote hurushwa nyuma kuelekea uso na shingo ya mkataji, upesi kuliko mtu awezavyo kuondoa mkono. Breki ni kile kingio kilichosimama mbele ya mkono wa kushoto. Kikisukumwa, mnyororo husimama mara moja. Msumeno usio na breki, au ambao breki yake imefungwa kwa waya kwa kuwa humsumbua mwenyewe, msiununue hata kama ni bure.

Sasa turudi kwenye ulimi. Sentimita 50 au 60 zatosha. Ulimi wa sentimita 50 waweza kuangusha mti unaokaribia mara mbili ya urefu huo, mkataji akijua kukata upande mmoja kisha wa pili, na kuacha katikati bawaba ya mti isiyokatwa, yenye unene wa sehemu ya kumi ya shina, ili mti uanguke ulikoelekezwa. Kazi hiyo yataka kufundishwa na fundi aliyezoea, msimame naye msituni. Redio haiwezi kuifundisha.

Mwaka 1946 Joseph Cox, mkata miti huko Oregon, Marekani, alimtazama funza wa mdudu akila kisiki, akaona ya kuwa hutafuna kushoto na kulia, wala hasukumi mbele tu. Kwa kumwiga funza huyo alitengeneza jino la mnyororo, na meno tunayoyatumia leo ni wana wa jino lile. Twayasema haya kwa sababu jino hilo hula likiwa kali tu. Mnyororo mkali hutoa chenga nene. Ukitoa unga kama wa mahindi, simameni mkanoe. Katika fedha zenu wekeni akiba ya minyororo miwili, tupa ya duara ya kipimo chake, kofia ngumu yenye wavu wa uso na vizibo vya masikio, viatu vya ngozi nene, na kabari. Akiba hiyo ikikosekana, msumeno haujanunulika bado.

Kuhusu ile misumeno inayofanana na ya makampuni makubwa, nayo huuzwa pengine chini ya nusu ya bei, hatusemi yote ni mibaya. Ulizeni kama vipuri vyake vyapatikana katika mji wenu, na kama fundi wa hapo hukubali kuifungua. Kwa chama chenye kazi ya kila siku, twaona afadhali msumeno wa asili uliotumika kidogo kuliko mwigo mpya.

Lakini wa kutumika haununuliwi kwa macho. Injini ikiwa imezimwa na ni baridi, inueni msumeno kwa kamba ya kuwashia: ukishuka polepole, silinda bado yashika hewa; ukianguka mara moja, imechoka. Ukiwashwa na kuachwa utulie, mnyororo usizunguke. Kisha uzimeni, ungojeni upoe, mwambieni muuzaji afungue bomba la moshi, nanyi mmulike ndani kwa tochi. Ubavu wa pistoni uwe laini. Mkiona michirizo iliyosimama kama mikwaruzo ya kucha, jueni ya kuwa pengine mtu aliwahi kutia petroli bila mafuta, na bei ya pistoni na silinda mpya mtailipa ninyi.